Mwenye Imani Hana Pupa



Lipo swali ambalo waalimu wa maadili wamelifikiri tangu zamani, nalo si swali la vitabuni tu, bali ni swali la kila nyumba: Mtu aliyetenda kwa hofu, je, ametenda mwenyewe, ama hofu ndiyo iliyotenda? Na swali la pili lafuatana nalo: Mkristu anayesadiki kwamba Mungu ni Baba, tena Baba anayewajua watoto wake mmoja mmoja, aweza namna gani kukaa na hofu chini ya paa moja? Na kati ya hao wawili, imani na hofu, ni nani atakayekuwa mwenye nyumba?

Hatuulizi kwa kupenda mabishano. Twauliza kwa sababu ya damu iliyomwagika katika mkoa wetu wa Dodoma.

Tarehe 1 Oktoba 2016, watumishi watatu wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, yaani watafiti wawili na dereva wao, walifika katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino. Kazi yao ilikuwa kuchunguza udongo. Ukapigwa ukelele kwamba waliokuja ni wanyonya damu. Watu wakakusanyika wakiwa na silaha zao za jadi, wakawaua wote watatu, kisha wakaichoma moto miili yao pamoja na gari lao. Hawa hawakuja kutwaa kitu cha mtu. Udongo huchunguzwa ili mkulima ajue shamba lake lina upungufu gani, na lifanyiwe nini lipate kuzaa zaidi. Watu wa nchi inayojua njaa waliwaua watu waliokuja kwa ajili ya chakula.

Sisi tunaoandika haya tuko Kibakwe, wilayani Mpwapwa, wilaya inayopakana na hiyo. Hatuna haki ya kusema kwamba watu wale ni wa namna nyingine kuliko sisi. Mvua yao ndiyo mvua yetu, lugha yao ni ya jamaa zetu wengi, na mapokeo yao ni yetu. Wala haifai kusema kwamba walikuwa hawajasikia Injili. Mvumi ni nchi iliyohubiriwa dini tangu miaka zaidi ya mia moja iliyopita, na ina hospitali ya misioni. Basi wingi wa makanisa peke yake haukuizuia hofu. Hofu haitoki mahali kwa sababu kengele inalia. Hutoka pale tu imani inapoingia moyoni na kukaa.

Tena tusidhani kwamba jambo hili lilizaliwa Iringa Mvumi. Habari za mumiani ni za zamani katika Afrika ya Mashariki. Wakati wa utawala wa kikoloni watu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam walisimuliana kwamba wazima moto, pamoja na magari yao mekundu, walikuwa wakikamata watu usiku ili wawatoe damu. Na mwaka 2017, upande wa kusini wa nchi ya Malawi, uvumi wa namna hiyo hiyo uliwafanya watu kuua wenzao, hata Umoja wa Mataifa ukaondoa baadhi ya watumishi wake katika wilaya za huko. Uvumi huu hauna mguu wala mbawa, lakini husafiri kuliko barua, kwa kuwa huchukuliwa na hofu iliyokwisha kuwamo ndani ya watu.

Sasa tulitazame swali letu kwa utaratibu.

Kwanza, je, kuogopa ni dhambi? Hasha. Mwenyezi Mungu ndiye aliyemwumba mwanadamu na kumpa mwili unaotetemeka mbele ya hatari, kama alivyompa jicho la kufumba linapokaribia vumbi. Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe, katika bustani ya Getsemani, alishikwa na fadhaa na uchungu. Mwinjili Marko hakuona aibu kutuandikia hivyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino afundisha kwamba hofu ni mwendo tu wa moyo, na mwendo wa moyo si dhambi kwa wenyewe. Huwa dhambi pale unapomfanya mtu akimbie jambo ambalo akili iliyo sawa inamwambia alisimamie, au alitende jambo ambalo akili hiyo inamkataza. Tena Mtakatifu huyo aongeza neno ambalo wengi hawalitazamii: kutokuogopa kitu kabisa ni kilema pia. Mtu asiyeogopa mto uliofurika wala nyoka aliye njiani si shujaa. Ni mpumbavu, au mwenye kiburi, au hapendi tena uhai aliopewa na Muumba wake.

Kwa hiyo imani haituambii kwamba hatari hazipo. Mzee wa Kigogo anayetazama mawingu mwezi wa Desemba na kuona yanapita kwenda zake, haogopi ndoto. Nchi hii inayo kumbukumbu. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo katika Ugogo, na mvua ilipokosekana baadaye ikafuata njaa ya miaka 1917 hadi 1920, ambayo wazee waliiita Mtunya. Wataalamu wa historia wamekadiria kwamba karibu mtu mmoja katika kila watano alikufa. Kizazi kilichopita katika mambo kama hayo hakiwezi kuambiwa kwamba hofu yake ni ya kitoto. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hatumcheki. Tunachomwomba ni kimoja tu: ashtuke, kisha atazame, asije akaukata ung'ongo wa jirani na mkono wa jirani pamoja.

Hapo ndipo penye fundo la maneno yetu. Hofu ikija kama mlinzi anayegonga mlango na kusema kuna kitu nje, yafaa tuisikilize. Ikiingia na kukaa kitini pa mshauri, yafaa tuiondoe. Mtakatifu Thoma aeleza jambo hili kwa akili nyingi. Asema kwamba hofu humfanya mtu atafute shauri, maana mwenye kuogopa hutaka kujua la kufanya. Lakini papo hapo hofu haifai kuwa yenyewe mtoa shauri, kwa kuwa mbele ya macho yake kila kitu huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Mgeni mwenye kuchimba udongo huonekana mchimba kaburi. Mfuko wa sampuli huonekana mfuko wa damu.

Lakini tutaitambuaje hofu iliyokaa kitini pa mshauri? Maana mara nyingi huvaa nguo za busara, na mara nyingine huvaa hata nguo za dini. Twapendekeza alama mbili.

Alama ya kwanza ni pupa. Hofu haina neno jingine ila sasa hivi. Haitaki kuuliza, haitaki kungoja, haitaki kumwita mwenye kujua. Nabii Isaya, katika sura ya 28, amtambua mwenye imani kwa jambo hili hili: kwamba hana haraka ya mtu aliyepigwa na fadhaa. Na Maandiko Matakatifu yatuonyesha kinyume chake kwa habari ya mfalme Sauli. Wafilisti walikuwa wamekusanyika kumpiga, na askari wake walikuwa wakitoroka mmoja mmoja. Samweli alikuwa amemwambia angoje siku saba huko Gilgali. Sauli akangoja siku saba. Lakini alipoona Samweli hajaonekana na watu wanazidi kutawanyika, akatoa sadaka mwenyewe, kazi isiyokuwa yake. Alipokwisha kuitoa tu, Samweli akafika. Angalieni, wapenzi wasomaji, jinsi habari hii ilivyo chungu. Sauli hakushindwa kungoja siku saba. Alishindwa kungoja saa moja ya mwisho. Wala hakutenda jambo ambalo kwa macho lilionekana baya, kwani kutoa sadaka ni ibada. Ila ibada ile ilitoka katika hofu, na kwa sababu hiyo ilikuwa uasi.

Turudi Iringa Mvumi na kupima jambo lile kwa alama hii. Je, ilikuwa vigumu kuwazuia wageni wale wasiondoke, na kumwita mwenyekiti wa kijiji? Je, ilikuwa vigumu kumtuma kijana kwa diwani, au kupiga simu polisi? Wageni walikuwa watatu, na kijiji kizima kiliwazunguka. Hata kama wangalikuwa wabaya kama walivyodhaniwa, wangalikuwa wamekwisha kushikwa, na hatari ingalikuwa imekwisha. Saa moja ya kungoja ingaliokoa watu watatu na kuziokoa nyumba nyingi na balaa ya kumwaga damu isiyo na hatia. Hofu ndiyo iliyowanyima saa hiyo.

Neno hili latufikisha kwenye swali la kwanza: Nani aliyetenda? Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, alitoa mfano wa nahodha aliyepatwa na tufani baharini, akatupa shehena ili chombo kisizame. Je, ametupa kwa hiari? Hakuna nahodha anayetupa mali kwa kupenda. Hata hivyo katika saa ile aliona, akachagua, na mkono wake ndio uliotupa. Mtakatifu Thoma aliufuata mfano huo akafundisha kwamba tendo la hofu ni tendo la hiari, ingawa limechanganyika na kutotaka. Hofu yaweza kupunguza uzito wa hatia mbele ya Mungu, ambaye peke yake ajua kilichopita moyoni mwa mtu. Lakini haiiondoi, madhali akili haijapotea. Basi mtu asiseme kwamba ni hofu iliyonituma. Hofu haina mikono. Imeazima mikono yake.

Tena yatupasa kusema kwamba hatia ya siku moja huwa imeandaliwa siku nyingi. Mtu ambaye kila ugonjwa nyumbani mwake humpeleka kwa mpiga ramli, ambaye kila kifo hukitafutia mchawi, ambaye kila mgeni humdhania ubaya, amekuwa akiufundisha moyo wake kidogo kidogo. Saa ya ukelele ikija, haamui tena. Hukimbia katika njia aliyokwisha kuilima. Ndiyo maana haifai kungoja saa ile ndipo tuanze kujifunza imani.

Alama ya pili ya hofu iliyokuwa mshauri ni kwamba humchora vibaya yule iliye mbele yake, awe mwanadamu au awe Mungu. Katika mfano wa talanta, Injili ya Mathayo sura ya 25, mtumishi wa tatu hakuiba, hakula fedha ya bwana wake, hakuipoteza. Aliifukia. Na alipoulizwa, jibu lake lilikuwa kwamba aliogopa, kwa kuwa alimjua bwana wake kuwa mtu mgumu. Lakini bwana huyo alikuwa amemwachia mali yake bila mashahidi, akasafiri! Je, huo ni ugumu? Hofu ndiyo iliyomchora bwana huyo kuwa mkali, kisha mtumishi akaiogopa picha aliyoichora mwenyewe. Ndivyo walivyo wakristu wengi. Humchora Mungu kama mtawala anayewavizia, anayehitaji kutulizwa, anayesahau. Kisha, kwa kuwa hawawezi kumtegemea Mungu wa namna hiyo, hutafuta msaada wa hirizi. Kabla ya kuuliza kwa nini fulani amevaa hirizi chini ya rozari, yafaa tuulize amefundishwa Mungu gani.

Mambo haya tumeyaona pia katika historia ya jirani zetu wa Uganda. Kabaka Mwanga alipokea kiti mwaka 1884 akiwa kijana. Kulikuwa na neno la kale katika Buganda kwamba watakaoimeza nchi watatokea upande wa mashariki; na Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana alipokuja kwa njia hiyo kupita Busoga, Mwanga akaamuru auawe, naye akauawa mwezi wa Oktoba 1885. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkatoliki, mkubwa wa vijana wa ikulu, alimkemea mfalme kwa ajili ya kumwua mgeni ambaye hakupewa nafasi ya kujitetea. Kwa neno hilo, na kwa kuwakinga vijana na uchafu wa ikulu, yeye naye akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Baada yake akasimama Karoli Lwanga, na tarehe 3 Juni 1886 akachomwa moto Namugongo, na wenzake pia, mmoja wao akiwa Kizito, kijana wa miaka kama 14.

Twazoea kuitazama habari hii upande wa mashahidi tu. Leo tuitazame na upande wa mfalme, maana pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kuogopa. Mwanga alikuwa na askari, mizinga ya ngoma na enzi ya mababu. Vijana wale hawakuwa na kitu. Mwanga akatenda kwa hofu ili asipoteze nchi, akaipoteza: aliondolewa kitini mara ya kwanza mwaka 1888, nchi ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1894, na yeye akapelekwa uhamishoni Shelisheli, akafa huko mwaka 1903. Vijana walikataa kutenda kwa hofu, wakaupoteza uhai, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita akawaandika katika orodha ya watakatifu. Hatusemi kwamba Mungu humlipa kila mtu hapa hapa kwa mizani inayoonekana. Mashahidi hawakuona Namugongo ya leo. Twasema jambo dogo kuliko hilo, nalo ni yakini: hofu haikilindi kile inachoogopa kukipoteza. Na zaidi ya hayo, angalieni Mukasa alimtetea nani. Alimtetea mtu asiyekuwa wa kanisa lake, mgeni, mtu ambaye ukelele wa nchi ulikuwa umekwisha kumhukumu. Hiyo ndiyo imani ikikutana na mgeni.

Hapa msomaji aweza kuleta hoja, nayo ni hoja ya haki. Atasema: Padre, watu wengine wameangamia kwa kuambiwa waamini tu. Ni kweli. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, karibu na Malindi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao wengi wao walifunga kula mpaka kufa, kwa kufuata mafundisho kwamba ndivyo watakavyokutana na Kristu. Na tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa maombi, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Je, hao si watu wa imani?

Twawaombea marehemu wale, na wala hatuhukumu mioyo yao. Wengi walikuwa wagonjwa na wenye shida, wakitafuta msaada. Bali mafundisho yaliyowapeleka pale twaweza kuyapima. Kukimbilia mafuta kwa sababu yaweza kwisha kabla hujafika, kukimbilia kifo kwa sababu mwisho wa dunia waweza kukukuta umechelewa, hiyo ni pupa ile ile tuliyoisema. Ni hofu iliyovaa kanzu. Mungu wa kweli hafungi duka jioni. Neema yake haiishi kwenye chupa, wala aliye mbele hamnyimi aliye nyuma.

Basi imani thabiti si kukunja mikono, wala si kumjaribu Mungu. Mtazameni Mtakatifu Yosefu. Alipoambiwa kwamba Herode anamtafuta mtoto, hakukaa Betlehemu akisema Mungu atamlinda. Aliondoka usiku huo huo kwenda Misri. Na aliporudi akasikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi, Mwinjili asema wazi kwamba aliogopa kwenda huko, akaenda Galilaya. Yosefu aliogopa, akaondoka, na bado ni mtu wa haki. Tofauti yake na Sauli ni nini? Si kwamba mmoja alitenda na mwingine akangoja. Ni kwamba Yosefu alitenda kazi iliyokuwa yake, kwa kusikiliza kwanza, wala hakumdhuru mtu. Sauli alitwaa kazi isiyokuwa yake kwa kuwa hakuweza kusikiliza tena. Kadhalika Yoshua bin Sira atufundisha kumheshimu tabibu na dawa, kwa kuwa vyote viwili vimetoka kwa Mungu. Mama anayempeleka mtoto mwenye homa katika zahanati upesi, hana pupa, ana mapendo. Lakini mama aliyekwisha kuelezwa na mganga wa hospitali kwamba mtoto ana malaria, kisha akaenda kumwuliza mpiga ramli ni nani aliyemtuma mbu yule, amekwisha kufungua mlango, na mara nyingi atakayeingizwa katika mlango huo ni bibi mzee wa jirani.

Hili la mabibi wazee hatuwezi kulipita. Kwa miaka mingi taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeonyesha mauaji ya watu wanaodhaniwa kuwa wachawi katika Tanzania, na wengi wao ni wanawake wazee. Macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa mafiga ambayo walitupikia sisi. Mwezi wa Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku kazi ya wapiga ramli, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Lakini sheria humfikia mpiga ramli. Haimfikii mteja wake moyoni. Hata leo, katika vijiji vya mikoa kadhaa, watu huchangishana fedha ili kuwaita wale wanaoitwa lambalamba au kamchape waje wawataje wachawi. Mkristu anayechanga fedha hiyo kwa kuogopa kwamba asipochanga atadhaniwa mchawi, amenunua usalama wake kwa jina la mwingine. Kwa mtu huyo twasema kwa upole lakini bila kuficha: Kaa na fedha yako, ndugu, na uvumilie kutazamwa vibaya. Huo ndio msalaba mdogo uliopewa, na Yosefu Mukasa alibeba mkubwa zaidi.

Imani ya namna hii hujifunziwa wapi? Sisi watu wa Kibakwe tunayo shule yake, wala si ya kusafiria. Kila mwaka, mvua haijaja bado, mkulima hufungua debe la mbegu nyumbani mwake. Nafaka ile yaweza kuliwa leo. Watoto wapo, na akiba imepungua. Naye huichukua akaitia ardhini kavu, mahali asipoiona tena, akiitegemea mvua ambayo hakuna mtu aliyemwahidi. Hakuna anayemwita mjinga. Hata baada ya Mtunya mashamba yalilimwa tena, na ndiyo maana sisi tupo. Tena mkulima huyo huyo, asiyemlazimisha Mungu kumnyeshea, amekwisha kufyeka, amekwisha kuchagua mbegu inayovumilia jua, na mavuno yakipatikana huweka akiba ghalani. Amefanya yaliyo yake yote, na yasiyo yake ameyaacha kwa mwenyewe. Huo ndio mfano kamili wa kumtumaini Mungu, nao tunao mikononi kabla hatujaufungua ukurasa wa kitabu chochote.

Lakini ni ajabu kwamba mtu yule yule, anayeweza kumwamini Mungu kwa debe zima la mtama, hushindwa kumwamini kwa saa moja mgeni anapopita kijijini, au kwa siku tatu mtoto anapougua. Basi twaomba jambo moja: tuupeleke moyo wa shambani nyumbani, na kwenye baraza, na kwenye mkutano wa kijiji. Baba wa familia, siku utakaposikia ukelele, uwe mtu wa kwanza kuuliza, Nani amemwona kwa macho yake? Mama, mtoto akiugua, zahanati kwanza na rozari pamoja nayo, na jina la jirani lisitajwe kitandani pake. Vijana, habari ya kutisha ikiwafikia katika simu zenu, msiitume mbele mpaka mmejua imetoka kwa nani. Maana zamani ukelele ulifika mwisho wa kijiji, na leo hufika mwisho wa nchi kabla ugali haujaiva. Na katika Jumuiya Ndogo Ndogo, wazee wasiokuwa na watoto wa kuwatetea wawe na watetezi kabla ya siku mbaya, si baada yake.

Iko hofu moja tu inayofaa kukaa nasi siku zote, nayo twaiita uchaji wa Mungu. Mtakatifu Thoma atofautisha hofu ya mtumwa, anayeogopa fimbo, na hofu ya mwana, anayeogopa kumhuzunisha baba yake. Hiyo ya pili haimsukumi mtu kumdhuru mwingine, humzuia. Mwenye nayo, akiwa katikati ya kundi lenye mawe mkononi, huogopa jambo moja kuliko mumiani na kuliko kudharauliwa na wenzake: huogopa kusimama mbele ya Baba yake na kuulizwa habari za yule mgeni.

Mwenyezi Mungu atujalie uchaji huo, na kwa maombezi ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake atupe moyo wa kungoja ile saa moja ambayo Sauli alishindwa kuingoja.